Altaneta na Chaji ya Betri kwenye Boti ya Dizeli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenye boti, mashua na majahazi yenye injini ya dizeli ya ndani: wavuvi wa dagaa, wabeba mizigo, wapeleka wageni visiwani. Maswali ni yale yale ninayoulizwa kila boti inapopandishwa ufukweni kukarabatiwa. Pasipotajwa vinginevyo, nazungumzia mfumo wa volti 12 na betri za kawaida za risasi na asidi. Ukiwa na volti 24, zidisha namba za volti kwa mbili, kisha usome swali la volti 24 karibu na mwisho.

## Kwanza tuelewane

Altaneta inafanya nini, na betri inafanya nini?

Altaneta ndiyo inayozalisha umeme, betri inauweka tu. Injini ikiwaka, altaneta inazungushwa na mkanda, inalisha taa, redio na pampu ya ngama, na kinachobaki kinaingia kwenye betri. Injini ikizimwa, kila kitu kinakula akiba. Ndiyo maana kuongeza betri ya tatu bila kuongeza chaji hakusaidii. Umenunua pipa kubwa zaidi, bomba ni lile lile.

Nina betri za ampea-saa 200. Mbona taa zinafifia saa nane usiku?

Piga hesabu. Tuseme ni boti ya dagaa, giza la mwezi, taa nne za LED za wati 50 kila moja. Hizo ni wati 200, karibu ampea 16. Zinawaka kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, saa tisa: ampea-saa 144. GPS, kipima kina na redio vinakula kama ampea 2.5, hivyo ongeza 22. Pampu ya ngama ikifanya kazi jumla ya saa moja, ongeza 5. Umefika 171.

Sasa, betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, la sivyo inakufa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo 200 yako ni 100 ya kutumia. Taa kufifia saa nane si uchawi wala betri bandia.

Nitajuaje betri imejaa au imekwisha?

Pima kwa multimita, injini imezimwa, vyote vimezimwa, betri imepumzika saa kadhaa. Volti 12.7 imejaa. Volti 12.2 iko nusu. Ikisoma 11.9 imekwisha, na kila siku unayoiacha hivyo unaiua. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utaona 13 na kitu, ukafurahi bure. Hiyo ni chaji ya juu juu, inashuka yenyewe.

Betri hazijai. Ninunue altaneta kubwa?

Usinunue chochote kabla ya kupima. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi kosa haliko kwenye altaneta. Liko njiani, kati ya altaneta na betri.

Washa injini, ipandishe hadi mwendo wa safari, washa taa ili pawe na mzigo. Pima volti kwenye betri, vijiti vya multimita vikigusa vichwa vyenyewe vya betri, si temino zilizovishwa juu yake. Kisha pima kwenye altaneta: kijiti kimoja kwenye skrubu kubwa ya chanya, kingine kwenye bodi yake. Altaneta ikisoma 14.3 na betri 13.5, kuna volti 0.8 zinapotea njiani, na altaneta mpya ya ampea 120 itazipoteza zaidi.

Halafu zitafute. Weka kijiti kimoja kwenye chanya ya altaneta na kingine kwenye chanya ya betri, multimita ikiwa kwenye volti. Namba unayoiona ndiyo inayopotea upande huo. Ikizidi 0.2, fuata waya, swichi na temino moja moja. Rudia upande wa hasi, kutoka bodi ya altaneta hadi hasi ya betri. Upande huu watu huusahau. Niliwahi kuitwa kwenye mashua ambayo mwenyewe alikuwa tayari amebadilisha altaneta mbili. Waya wa ethi, yaani wa hasi, ulikuwa umefungwa kwenye bloku ya injini juu ya rangi, na chini ya lagi (kile kichwa cha chuma cha waya kinachofungwa kwa boliti) shaba imekuwa ya kijani kama mwani. Tulikwangua, tukafunga upya, tukapaka grisi. Kazi ya nusu saa, na altaneta ya kwanza ilikuwa nzima.

Ikiwa altaneta yenyewe haifiki hata volti 13.8 kwenye mwendo wa safari na mkanda umekaza, hapo ndipo uishuku: kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimekwisha, dayodi (inayougeuza umeme ufae betri) imeungua, au regyuleta (inayopanga volti) imekufa. Vyote hivyo hubadilishwa kimoja kimoja, si lazima altaneta nzima.

## Kuchagua altaneta

Ampea ngapi zinanitosha?

Betri za risasi za maji hazipokei zaidi ya kama robo ya ukubwa wake. Betri za ampea-saa 200 zitapokea ampea 50, hata ukizifungia altaneta ya 150. Ongeza matumizi ya safarini, tuseme ampea 20. Kwa hiyo altaneta inayoweza kutoa ampea 70 *ikiwa imepata moto* inatosha kabisa. Betri za AGM (za risasi zilizofungwa, asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) hupokea zaidi, hadi asilimia 40 hivi. Lithiamu ni habari nyingine, ina swali lake huko chini.

Imeandikwa ampea 90, mimi naona 40. Nimeuziwa bandia?

Pengine hapana. Namba ya kwenye lebo imepimwa altaneta ikiwa ya baridi na ikizunguka kasi sana, aghalabu mara 6,000 kwa dakika. Kwenye chumba cha injini cha boti ya mbao, mfuniko umefungwa, mchana wa kaskazi, inaweza kupungua kwa robo. Ikizunguka polepole inatoa theluthi au pungufu. Na betri ikikaribia kujaa, yenyewe ndiyo inayokataa, si altaneta iliyoshindwa. Ipime betri ikiwa nusu, ndipo uhukumu.

Nikiacha injini ingurume tu hapo nangani, betri zitajaa?

Zitachukua siku nzima, na injini ya dizeli inayonguruma saa nyingi bila mzigo hujaa masizi. Hesabu ya puli inaeleza kwa nini. Puli ya injini ikiwa na kipenyo cha milimita 150 na ya altaneta 65, kila mzunguko wa injini unaizungusha altaneta mara 2.3. Injini ikiwa 900 kwa dakika, altaneta iko 2,070, ndiyo kwanza inaamka. Injini ikiwa 2,200, altaneta iko 5,060, na hapo inafanya kazi ya maana.

Injini zilizotolewa kwenye malori huzunguka taratibu, hivyo puli kubwa zaidi upande wa injini husaidia kuliko altaneta kubwa, na fundi wa mashine ya kukereza anakutengenezea. Angalia tu kasi ya juu: altaneta ndogo nyingi hazitakiwi kuzidi mizunguko 15,000 kwa dakika.

Altaneta ya Hiace iliyotumika inafaa?

Inafaa, na boti nyingi za pwani yetu zinatembea nayo. Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road, Nairobi, utaipata kwa bei nafuu mno kuliko iliyotengenezwa kwa boti. Lakini ujue tofauti. Altaneta ya gari imebuniwa kurudisha kidogo kilicholiwa na stata (mota ya kuwashia injini), kisha ipumzike. Kwenye boti inatakiwa kujaza betri zilizokwisha, saa mbili tatu mfululizo kwenye joto. Ya boti hustahimili joto hilo na chumvi.

Ukichukua ya gari, chukua kubwa kuliko hesabu yako ili isifanye kazi hadi mwisho wa nguvu zake, na ipeleke hewa ya baridi kwa bomba kutoka nje. Kabla ya kulipa, izungushe kwa mkono usikie beringi, na hakikisha ni volti 12. Za malori makubwa huwa 24.

Boti ya petroli haihusiki na ushauri huu. Cheche za altaneta ya gari kwenye mvuke wa petroli zinalipua. Huko lazima iwe ile iliyofunikwa kwa kazi ya majini.

Altaneta kubwa itanyonya nguvu ya injini?

Ndiyo. Kadiria nguvu-farasi moja kwa kila ampea 25. Ampea 100 ni kama nne. Injini ya nguvu-farasi 60 haitajua. Ya 12 itajua sana, hasa ukitoka mlangoni na mkondo uko usoni.

## Mkanda, waya na fyuzi

Mkanda unatoa unga mweusi. Nikaze zaidi?

Unga mweusi maana yake mkanda unateleza au puli hazijanyooka. Weka rula ndefu au uzi kwenye nyuso za puli zote mbili uone kama ziko mstari mmoja; milimita mbili tatu tu zinakula mkanda ndani ya wiki. Zikinyooka, kaza hadi sehemu ndefu ya mkanda ikisukumwa kwa dole gumba inabonyea kama sentimita moja. Zaidi ya hapo unaua beringi za altaneta, na mara nyingi za pampu ya maji pia, kwa sababu mkanda ni mmoja. Huo ndio ubaya wenyewe: mkanda ukikatika si taa tu zinazokosa chaji, injini inachemka.

Mkanda mmoja wa milimita 10 una kikomo chake, kama ampea 80. Wa milimita 13 unafika 110 hivi. Ukitaka zaidi, funga mikanda miwili au ule mpana wenye mifereji mingi. Na beba wa akiba, umeshajaribiwa kwenye injini yako, si wa kubahatisha namba.

Waya uwe mnene kiasi gani?

Mnene kuliko ule uliokuja na altaneta ndogo. Chukua altaneta ya ampea 80, betri iko mita tatu, kwa hiyo kwenda na kurudi ni mita sita. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10 utapoteza volti 0.84. Ikitoka 14.4, betri inapata 13.56, na kwa volti hiyo haitajaa usiku wala mchana. Waya wa 35 unapoteza 0.24 tu. Ukibadilisha altaneta ukaacha waya wa zamani, umelipa pesa kupasha waya moto.

Waya wa shaba iliyopakwa bati hudumu kwenye chumvi. Ukikosa, shaba ya kawaida inafaa mradi lagi zimebanwa kwa koleo lake, si kupondwa kwa nyundo, na zimefunikwa kwa mpira wa kusinyaa. Badilisha hasi kwa unene ule ule.

Fyuzi inakaa wapi?

Karibu na betri, si karibu na altaneta. Waya ukichubuka ukagusa injini, moto unatoka kwenye betri, ambayo inaweza kumwaga ampea mia kadhaa kwa mpigo. Viwango vya Marekani vya boti vinataka isizidi kama sentimita 18 kutoka kwenye betri. Kwa altaneta ya ampea 100, fyuzi ya 125 hadi 150, ile bapa ya kufungwa kwa boliti, na waya uwe unaimudu.

## Regyuleta, joto na betri mbili

Regyuleta ya nje ina faida gani?

Regyuleta, ambayo wazee bado wanaiita katauti, ndiyo inayoamua altaneta itoe volti ngapi. Ile ya ndani ya altaneta ya gari imepangwa kwenye volti moja, mara nyingi 14 hivi, na inapima pale pale ilipo. Ya nje hupima kwenye betri yenyewe na huenda kwa hatua: kwanza inasukuma yote inayoweza, kisha inashikilia 14.4 hivi hadi betri ishibe, halafu inashuka hadi 13.5.

Je, unaihitaji? Boti inayotembea saa nane kila siku, hapana. Boti inayolala na taa usiku na kutembea saa mbili asubuhi, ndiyo, ila baada ya kumaliza mambo ya waya na mkanda. Nimeona regyuleta ya bei mbaya ikifungwa kwenye waya mwembamba kama wa redio.

Joto letu la pwani linabadilisha nini?

Namba za watengenezaji huwa za nyuzi 25. Kila nyuzi moja juu ya hapo, betri ya volti 12 inataka kupunguziwa volti 0.02 hadi 0.03. Betri iliyo pembeni ya injini kwenye nyuzi 40 itake karibu 14.0, si 14.4. Ukiipa 14.4 kila siku, inachemka na kukausha maji. Dawa rahisi ni kuitoa betri chumba cha injini na kuiweka penye hewa. Regyuleta yenye kihisi cha joto ni dawa ya pili.

Kukausha maji: ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu. Si ya kisima, si ya bomba, na si asidi, kwa kuwa asidi haikauki, kinachoondoka ni maji.

Nitenganishe vipi betri ya stata na ya taa?

Hili lifanye hata kama hufanyi jingine lolote humu. Betri ya stata isiguswe na taa wala redio ya muziki. Njia inayoeleweka ni rilei ya kuhisi volti, yaani swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe: chaji ikipanda kama 13.4 inaziunganisha betri mbili, ikishuka kama 12.8 inazitenganisha. Zile dayodi za kugawa chaji za kizamani hula volti 0.6 au 0.7, ambazo ndizo ulizokuwa unazitafuta kwenye swali la kupima.

Swichi ya mkono ya 1-2-zote inafanya kazi pia, mradi nahodha anakumbuka. Saa kumi alfajiri, amelowa, na nyavu imejaa, hakumbuki.

Sola inaweza kuchukua nafasi ya altaneta?

Kwa boti ndogo yenye GPS na taa moja, inaweza. Kwa boti ya dagaa, inasaidiana nayo. Betri hupokea haraka hadi asilimia 80. Asilimia 20 za mwisho zinachukua saa tatu au zaidi hata altaneta iwe kubwa namna gani. Hapo ndipo sola inapofaa: paneli ya wati 100 kwenye jua letu inatoa kama ampea-saa 30 kwa siku, kimya kimya, boti ikiwa nangani. Kama pesa inatosha kitu kimoja na waya wako ni mzima, mimi ningeanza na paneli mbili kabla ya altaneta kubwa.

## Mambo ya pembeni

Nikifunga betri za lithiamu kwenye altaneta ile ile?

Unaweza kuiunguza. Betri ya risasi inajibana yenyewe inaposhiba. Lithiamu inameza kila ampea hadi mwisho, na altaneta inafanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima bila kupumua. Pili, kompyuta ndogo iliyo ndani ya betri ikiona hatari inakata ghafla, na volti inaruka na kupasua dayodi. Njia salama: altaneta ichaji betri ya stata ya risasi, kisha chaja ya betri kwa betri ivute kiasi kilichopimwa kwenda kwenye lithiamu.

Nina volti 24. Naweza kuvuta volti 12 za redio kutoka betri moja?

Usifanye. Betri moja inaliwa, nyingine hailiwi, lakini altaneta inazichaji kama pacha. Moja inabaki na njaa, nyingine inachemshwa. Ndani ya miezi zote mbili ni chuma chakavu. Nunua kigeuzi cha 24 kwenda 12.

Nimebadilisha altaneta, sasa saa ya mizunguko ya injini inadanganya.

Kama inasoma kutoka nukta ya W ya altaneta (temino iliyoandikwa W), inahesabu mizunguko ya altaneta, si ya injini. Puli tofauti, au altaneta yenye mpangilio tofauti ndani, inabadilisha namba. Saa nyingi zina skrubu au kitufe nyuma cha kurekebisha.

Nimeweka LED badala ya balbu ya taa ya chaji, altaneta haiamki.

Ile balbu haikuwa pambo. Kwenye altaneta nyingi, umeme kidogo unaopita ndani yake ndio unaoiamsha altaneta mwanzoni. LED inapitisha kidogo mno. Rudisha balbu ya wati 2 au 3. Balbu hiyo ikiungua huleta tatizo hilo hilo, na watu hubadilisha altaneta nzima kwa sababu yake.

Naweza kuzima swichi kuu ya betri injini ikiwa inawaka?

Hapana. Umeme wa altaneta ukikosa pa kwenda, volti inaruka na dayodi zinakufa papo hapo, pengine na GPS pamoja nazo. Nilijifunza hili kwa altaneta yangu mwenyewe.

Injini ya silinda moja ya kupiga hendeli naweza kuifungia altaneta?

Unaweza, ila rudi kwanza kwenye hesabu ya puli. Ukivisha mkanda moja kwa moja kwenye flaiwili (gurudumu zito la injini) ya milimita 400, na puli ya altaneta ni 65, kila mzunguko unakuwa sita na ushei. Injini ikiwa 2,000 altaneta inapita 12,000, karibu mno na kikomo. Tumia puli ndogo iliyofungwa kwenye flaiwili. Kishikio kichomelewe kwenye kitanda cha chuma cha injini, kwa sababu injini hizi zinatikisa na ubao utalegea. Na altaneta isizidi ampea 35 au 40, la sivyo utaisikia kila taa inapowashwa.

Maji ya chumvi yameingia ndani ya betri. Nifanye nini?

Ondoka karibu kwanza. Maji ya bahari yakichanganyika na asidi ya betri hutoa gesi ya klorini, na chumba cha injini ni kidogo. Fungua mifuniko yote, usiiname juu yake kunusa, zima injini ukiweza kufanya hivyo salama, na subiri hewa ipite. Betri hiyo haioshwi ikarudi kazini. Itakayofuata ifungwe juu zaidi ya ngama, ndani ya sanduku, kwa mkanda wa kuizuia isiruke mawimbi yakija ubavuni.